Kwanza Ajifunze Kuanguka

Swali la kwanza ninaloulizwa na watu wakisikia binti yangu anafanya judo ni lile lile kila mara: mtoto akifundishwa kupigana, si atageuka mkorofi? Bibi yake alilifupisha: "Mtoto wa kike na kubwagana, wapi na wapi?" Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu kusema kweli anaweza kugeuka mkorofi. Inategemea anafundishwa nini, na nani, na kipi kinatangulia. Mzazi anayeambiwa kwamba karate, judo au taekwondo humjenga mtoto vyovyote iwavyo, anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nianze na utafiti ambao hutaukuta kwenye tangazo la klabu yoyote. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Norwei, Inger Endresen na Dan Olweus, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana ambao mwanzoni walikuwa na umri wa miaka 11 hadi 13. Waliwaangalia wale walioingia kwenye ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya kujihami ya Asia. Wakaona kwamba kwa wavulana hao ugomvi na utovu wa nidhamu uliongezeka, tena hata nje ya ukumbi wa mazoezi. Olweus si mtu wa kupuuzwa katika mambo haya; ndiye aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza uonevu wa watoto shuleni.

Sasa weka kando yake jaribio la Mmarekani Michael Trulson, lililochapishwa mwaka 1986. Trulson alichukua vijana 34 wa miaka 13 hadi 17 ambao vipimo vilionyesha wanaelekea kwenye uhalifu, akawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa taekwondo kwa mtindo wa kimapokeo: kutulia na kutafakari, mafunzo ya heshima na uvumilivu, mbinu za kujihami, kila kitu kwa mpangilio wake. Kundi la pili lilipewa mapigano matupu, bila hayo mengine. La tatu lilikimbia na kucheza mpira wa kikapu. Baada ya miezi 6, vijana wa kundi la kwanza walikuwa wamepungua ukali na wasiwasi, na kujiamini kumepanda. Wa kundi la pili walikuwa wakali kuliko walivyokuja.

Mateke ni yale yale, ngumi ni zile zile, lakini watoto wanaotoka mlangoni ni tofauti. Vijana 34 ni wachache, na mimi siwezi kujenga nyumba juu yao. Ila nikizisoma tafiti hizo mbili pamoja sioni zinapogombana. Zinaniambia niache kuuliza kama mchezo huu unafaa watoto, niulize ndani ya ukumbi ule kunafanyika nini.

Kwenye ukumbi anakofanyia mazoezi binti yangu, kilichofanyika kwa wiki nyingi za mwanzo kilikuwa kuanguka. Hakuna ngwala, hakuna kabali, hakuna kumbwaga mtu. Mtoto analala chali mkekani, kidevu kimeshikana na kifua, mikono imekunjwa juu. Mwalimu anasema, "Tazama fundo la mkanda wako." Maneno hayo yanarudiwa mpaka mzazi aliyekaa pembeni anayaota usiku, na sababu yake ni nyepesi: mtoto anayetazama fundo la mkanda wake hawezi kuachia kichwa kirudi nyuma. Kisha mikono yote miwili inashuka kwa pamoja na kupiga mkeka kwa viganja na sehemu ya ndani ya mkono, mbali kidogo na kiwiliwili, wakati ule ule mgongo unapogusa chini. Kipigo kile kinapunguza nguvu ya mshindo, na pia kinaipa mikono kazi, isikimbilie nyuma kuuzuia mwili. Mkono ulionyooshwa nyuma kuzuia anguko ndio unaovunjika kifundo au kiwiko.

Wakishazoea wakiwa wamelala, wanaanza kuanguka kutoka kuchuchumaa. Baadaye kutoka kusimama. Baadaye kwa upande, kisha kwa kubiringika mbele juu ya bega. Unamwona mtoto anayeogopa: anakwenda chini polepole, makalio kwanza, uso umekunjamana, shingo ngumu. Siku moja isiyotangazwa unamwona anaanguka kwa mshindo mkubwa, kiganja kinalia paa! na yeye anacheka. Mwili umeamini.

Mimi nadhani hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyotajwa kwenye mabango yenye picha za watoto wanaorusha mateke ya juu. Mtoto wa kawaida atashambuliwa mara chache sana maishani mwake, Mungu akijalia asishambuliwe kabisa. Lakini ataanguka kwenye baiskeli, atateleza ngazini, atasukumwa uwanjani, na akizeeka ataanguka bafuni. Kidevu kifuani ni mbinu ya kila siku. Kuna na upande wa pili. Katika kipindi kimoja mtoto anabwagwa na wakubwa na wadogo, wa kike na wa kiume, tena mbele za watu, na kila mara anasimama, anatengeneza sare, anainamisha kichwa kwa heshima na kushika tena kola ya mwenzake. Kuangushwa kunaacha kuwa aibu. Nimewaona watoto waliokuwa wakilia wakishindwa hata mchezo wa karata, baada ya miezi kadhaa ya mikekani wanashindwa bila kununa. Sisemi wote.

Jambo la pili ninaloliheshimu ni kugonga. Katika judo na jiu-jitsu, aliyebanwa akaona hawezi kujinasua hugonga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja mara mbili, na aliyembana huachia papo hapo. Haachii baada ya kumalizia kidogo, wala hasubiri mwalimu aje. Mtoto anajifunza pande zote mbili: kusema basi bila kuona haya, na kusikia basi ya mwenzake hata kama damu inamchemka na ushindi anauona.

Kuna mvulana mmoja, mkubwa wa mwili, alimlalia binti yangu kwa mbinu ya kubana kifua. Binti akagonga. Mvulana akakaza. Akagonga tena, ndipo akaachia. Mwalimu alisimamisha darasa zima, lakini hakupandisha sauti.

"Mwenzako amekuambia nini?"

"Amegonga."

"Wewe umesikia ya ngapi?"

Mvulana akatazama chini. "Zote."

"Basi ya pili ilikuwa ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Mvulana alimwinamia mwenzake, wakarudi kwenye zoezi, wakiwa wawili wale wale. Ningependa kila mtoto wa kiume duniani apitie dakika ile kabla hajafika ujana. Na kila mtoto wa kike ajue, mwilini mwake na si kwa kuambiwa tu, kwamba akisema basi mara moja inatosha.

Watu hudhani kuwapeleka watoto kwenye michezo hii ni mtindo wa juzi, ulioletwa na vilabu vinavyotafuta wateja. Ukweli ni kwamba waliozipa judo na karate sura tunayoijua leo walikuwa walimu wa shule. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo, alikuwa mvulana mdogo wa umbo, mwenye akili nyingi darasani, na wenzake wenye nguvu walimwonea. Alitafuta walimu wa jujutsu, mbinu za kale za Wajapani za kupambana, ili aweze kujitetea, na mwaka 1882, akiwa na miaka 21, akafungua shule yake ya judo, Kodokan, katika hekalu moja la Tokyo, na wanafunzi 9 kwenye mikeka 12. Alichofanya ni kuchambua mbinu za zamani za vita na kuondoa kwenye mazoezi ya kupambana zile za kuvunja na kuua, ili mwanafunzi aweze kupambana kwa nguvu zake zote na kesho yake arudi mzima. Kano aliongoza chuo cha kuandaa walimu kwa miaka mingi, na kwake mikeka ilikuwa sehemu ya elimu kama hesabu na kusoma. Moja ya misingi yake miwili mikuu ni ustawi wa pamoja: mwenzako ndiye anayekukopesha mwili wake ili ujifunze, kwa hiyo kumlinda ni wajibu wako.

Kwenye karate kuna Anko Itosu wa Okinawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alisukuma karate iingie mashuleni, na mwaka 1908 akaandika barua maarufu kwa wakuu wa elimu akitetea hoja hiyo. Kata, yaani mfululizo wa matendo yaliyopangwa ambao mwanafunzi huufanya peke yake, za zamani zilikuwa ndefu na nzito kwa wanafunzi, kwa hiyo akatunga 5 fupi zinazoitwa Pinan, ambazo mitindo mingine huziita Heian. Mtoto anayeanza karate ya mtindo wa Shotokan popote duniani leo bado anafundishwa Heian Shodan, na tendo lake la kwanza kabisa ni kugeuka kushoto na kuzuia pigo kwa mkono unaoshuka chini. Hapigi. Anazuia. Gichin Funakoshi, mwanafunzi wa Itosu na yeye pia mwalimu wa shule, aliweka kanuni kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Kanuni hiyo watoto huimba bila kuelewa, kama wanavyoimba mambo mengi, lakini mpangilio wa kata unawafundisha miguu na mikono kabla kichwa hakijafika.

Kuhusu akili na utulivu, hapa pana ushahidi wenye uzito. Mwaka 2004 Kimberley Lakes na William Hoyt walichapisha jaribio lililofanywa katika shule moja ya Marekani kwa watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Baadhi ya watoto walipangiwa kwa bahati nasibu kipindi cha taekwondo, wengine wakaendelea na kipindi cha kawaida cha michezo. Baada ya miezi 3 wale wa taekwondo walikuwa mbele katika kujitawala, kufuata kazi, tabia darasani, na hata katika jaribio la hesabu za kichwa. Wavulana walinufaika zaidi ya wasichana. Mwaka 2011 Adele Diamond na Kathleen Lee, katika jarida la Science, walipitia njia zinazosaidia watoto wa miaka 4 hadi 12 kukuza uwezo wa kujizuia, kushika jambo kichwani na kubadili mwelekeo wa fikra. Michezo ya kujihami ya kimapokeo ilikuwa miongoni mwa njia walizozitaja. Nchini Irani, mwaka 2012, watafiti walichapisha matokeo ya watoto 30 wenye usonji: waliofundishwa kata kwa wiki 14 walipunguza sana mienendo ya kujirudiarudia, kama kupepea mikono au kuyumba.

Ukikaa ukatazama kata inavyofundishwa huoni ajabu yoyote katika matokeo hayo. Mtoto lazima akumbuke tendo linalofuata huku akimaliza analofanya, ajizuie asitangulie, ageuke upande sahihi wakati jirani yake amegeukia upande usio wake, na asimame kimya akisubiri hesabu. Kusubiri hesabu ni kazi ngumu mno kwa mtoto wa miaka 6. Unawaona wanatetemeka mabega kama wameshikwa na baridi.

Sitadai kwamba nidhamu hiyo yote inarudi nyumbani. Binti yangu anaketi kwa magoti, mgongo umenyooka, kwa muda ambao mezani kwetu haujawahi kutokea. Kitanda hatandiki mpaka aambiwe. Wazazi wanaotarajia mwalimu wa karate awafanyie kazi ya ulezi watamchosha mwalimu na kumchosha mtoto, na vitisho vya aina ya "nitakusemea kwa sensei" vinaharibu mahali pekee ambapo mtoto anasahihishwa bila kusemwa.

Mwili nao unapata haki yake, ingawa hili sitalikalia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi makali na yale ya kuimarisha misuli na mifupa. Nusu ya kipindi cha judo cha watoto ni kutambaa, kuviringika, kubebana, kuvutana na kusukumana, kushoto na kulia. Kwa mtoto asiye na mbio, ambaye kwenye mpira huchaguliwa wa mwisho na kuwekwa golini, hapa pana nafasi. Hakuna benchi. Kila mtu anafanya mazoezi kipindi kizima, na mtoto mzito aliyekuwa akitaniwa anagundua kwamba uzito wake, ukitumiwa vizuri, ni mali.

Bibi yake nimemjibu vipi? Nilimwambia habari za Rusty Kanokogi. Mwaka 1959, katika mashindano ya YMCA ya jimbo la New York, mwanamke huyu alifunga kifua chake, akakata nywele fupi, akaingia ulingoni pamoja na wanaume, akashinda. Baadaye akaulizwa kama ni mwanamke, akakiri, na medali ikachukuliwa. Alitumia miaka iliyofuata kupigania nafasi ya wanawake. Judo ya wanaume iliingia kwenye Olimpiki mwaka 1964. Ya wanawake ikahesabiwa kwa medali kamili mwaka 1992 tu, Barcelona. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo naye alikuwa na kichwa kigumu." Niliona amelainika kidogo.

Lakini kilichombadilisha bibi hasa ni sauti ya mjukuu wake. Binti yangu alikuwa mtoto wa kunong'ona. Ukimtuma kwa jirani anarudi bila kusema alichotumwa. Mazoezini kila mtoto hupewa zamu ya kuhesabu kwa Kijapani wakati wenzake wanapiga pushapu, ichi, ni, san, na anayehesabu kwa sauti ya ndani anaambiwa tu, "Hatujasikia, anza upya," huku darasa zima likiwa limeinama mikono inatetemeka. Wenzake ndio waliomfundisha kupaza sauti, kwa kuugulia. Mwezi huo bibi alipiga simu kuuliza kwa nini mtoto siku hizi anaongea kama mtu aliye mlimani.

Sauti hiyo, mabega yaliyonyooka na mazoea ya kukaribiwa na mtu bila kuganda ndivyo vinavyomsaidia mtoto dhidi ya uonevu, kuliko mbinu yenyewe. Mwonevu hutafuta anayejikunyata. Mtoto aliyezoea kushikwa kola na watoto wa kila aina kila wiki hashtuki sana mtu akimshika mkono, na asiyeshtuka hupata nafasi ya kufikiri: aseme kwa sauti, aondoke, amtafute mtu mzima. Walimu wazuri huwaambia watoto wazi kwamba kukimbia ni mbinu na si woga. Anayemwahidi mzazi kwamba mtoto wa miaka 9 mwenye mkanda wa rangi ataweza kumshinda mtu mzima au mtu mwenye silaha, ni mwongo, na uongo wa namna hiyo unaweza kuumiza.

Tukitaja mikanda, niseme langu. Kano alianza na tofauti chache sana za daraja. Utitiri wa rangi ulienea huko Ulaya, London na Paris, katika miaka ya 1920 na 1930, kwa kuwa wanafunzi walihitaji kuona wanakwenda. Si jambo baya. Mtoto anahitaji kituo cha karibu, na kufunga mkanda wa njano kwa mara ya kwanza ni furaha isiyo na hila. Tatizo linaanza pale mitihani inapogeuka mradi, kila baada ya miezi michache ada mpya, na hakuna anayefeli. Mifumo yenye heshima ina breki zake. Katika jiu-jitsu ya Brazili, kwa kanuni za shirikisho lake la kimataifa, mtoto anapita mikanda ya kijivu, njano, machungwa na kijani, na mkanda wa bluu haupati kabla ya miaka 16. Mweusi hauvaliwi kabla ya 19. Katika taekwondo mtoto mdogo aliyefikia kiwango hupewa daraja la poom, lenye mkanda nusu mwekundu nusu mweusi. Ukikuta klabu yenye kundi la watoto wa miaka 7 wenye mikanda myeusi kamili, tabasamu, chukua viatu vyako.

Sasa hatari. Michezo hii inaumiza, na mzazi anayeambiwa haiumizi aulize tena. Japani yenyewe, nyumbani kwa judo, ilihesabu zaidi ya watoto 100 waliokufa katika judo ya shuleni tangu mwaka 1983, wengi wao wakiwa wa sekondari na wengi wakiwa wageni wa mchezo. Sababu kubwa ilikuwa kichwa: mtoto asiyejua kuanguka anapigwa osotogari, ngwala ya kumfyeka mguu kwa nyuma, anakwenda chini mgongo na kisogo pamoja, na damu inavuja ndani ya fuvu. Ndiyo maana wimbo wa fundo la mkanda haunichoshi.

Wajapani hawakuishia kwenye usalama wa mikeka. Mwaka 2022 shirikisho lao la judo lilifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi. Walieleza kwamba kutafuta ushindi kwa gharama yoyote kumevuka mpaka: watoto wakipunguzwa uzito ili waingie daraja fulani, makocha na wazazi wakifoka pembeni mwa ulingo. Fikiria, nchi iliyojaa medali za judo inaamua kwamba mtoto wa miaka 11 hahitaji kuwa bingwa wa taifa. Nilipoisoma habari hiyo nilimpelekea baba mmoja wa klabuni kwetu, ambaye kwenye mashindano husimama akimfokea mwanawe "mmalize!". Hakunijibu. Bado anafoka.

Kwa michezo ya kupiga, madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ripoti mwaka 2016 wakishauri watoto waanze na mazoezi yasiyo ya kugusana, na wakapinga kanuni zinazompa mtoto pointi kwa kupiga kichwa. Walikumbusha pia kwamba kofia ya kinga haijathibitika kuzuia mtikisiko wa ubongo. Inazuia mchubuko na mpasuko wa ngozi, basi. Klabu inayowavalisha watoto kofia na kuwaacha wapigane vichwani imeivalisha kofia dhamiri yake, si watoto.

Kwa hiyo usiniulize mtindo gani ni bora. Judo ina kuanguka na kugonga, karate ina kata na umbali, taekwondo ina unyumbufu wa miguu, capoeira ya Wabrazili ina muziki na watoto wasiopenda kusimama mstarini huipenda kwa sababu hiyo. Mwalimu mzuri wa mtindo wowote anampita mwalimu mbaya wa mtindo unaoupenda wewe. Nenda ukae pembeni kipindi kizima bila kujitambulisha sana. Angalia mtoto dhaifu kuliko wote anafanywa nini, na mtoto hodari kuliko wote anazuiwa vipi. Sikiliza kama majina ya watoto yanatajwa. Mtoto akilia, tazama nani anamsogelea na anamwambia nini. Kama wazazi hawaruhusiwi kutazama, huna haja ya kuuliza swali la pili.

Umri wa kuanza? Kabla ya miaka 5 au 6 ni michezo tu iliyovalishwa sare, na hakuna ubaya, ilimradi mzazi ajue hicho ndicho anacholipia. Kupambana kwa ushindani kunaweza kusubiri sana.

Halafu kuna siku atakayosema hataki kwenda tena. Karibu wote huifikia. Usianze kwa mahubiri ya kutokukata tamaa. Uliza nini hasa, kisha uliza tena kwa maneno mengine, maana jibu la kwanza la mtoto huwa "tu". Kwa wengine ni mwenzao anayebana kupita kiasi, na hapo unazungumza na mwalimu siku hiyo hiyo. Kwa wengine mchezo umewachosha kweli na wanataka kuogelea, waache wakaogelee. Kwa binti yangu ilikuwa sare. Judogi mpya ni pamba nzito iliyofumwa kwa nguvu, na kola ilikuwa inamkwangua shingo kila anaposhikwa, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alikuwa anaona haya kusema, kwa kuwa alidhani wenye mikanda ya juu hawasikii maumivu hayo. Tuliifua mara kadhaa kwa maji ya moto ikalainika, naye akarudi. Ila ilirudi nyuma kama saizi moja, kwa hiyo ukinunua, chukua kubwa kidogo.